Aliyelala Mahali pa Mongi

Asubuhi ile simu ilimpongeza Mongi kwa kulala fofofo usiku kucha, na Mongi hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Alikuwa jikoni juu ya kigoda, amepakata chupa ya bukha, pombe ya tini, kama mwana wa kuzaa.

"Hii simu imelewa kuliko mimi," akasema.

Mongi alikuwa muuza miwani pale Halk el Uedi, bandari ya Tunis. Alikunywa ili alale, pombe ikamnyima usingizi, naye akaongeza pombe. Mkewe Salua akamwambia: usipolala kama binadamu mwezi huu, nakwenda kwa kaka yangu Bizerte na sirudi. Ndipo Mongi akajiunga na tiba ya mtandaoni. Daktari wa kwenye simu akampa masharti: apunguze pombe, simu ikae chini ya mto isikilize pumzi zake, na usingizi ukigoma aondoke kitandani mpaka macho yawe mazito. Hilo la mwisho alilishika barabara, maana jikoni ndiko iliko chupa.

Sasa, kwao mtu akiacha kitanda chenye joto usiku hugeuza mto na kusema bismillahi. Mama yake alimfunza. Lakini mlevi wa kule ana haya ya ajabu: kunywa anakunywa, ila jina la Mungu halitaji na pombe mdomoni. Kwa hiyo kila usiku Mongi aliondoka kimya, akaliacha joto lake halina mwenyewe.

Usiku uliofuata akasikia mtu anakoroma chumbani. Akanyata ukumbini, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjia puani, na kadiri alivyosogea mkoromo ukazidi kutulia, mpaka akafika mlangoni akaona ubavuni mwa Salua mgongo wake yeye mwenyewe, ndani ya fulana yake mwenyewe, na mkono wa Salua umelazwa juu yake kama ambavyo haukulazwa miaka mingi.

"Salua," akanong'ona. "Amka. Huyo si mimi."

"Nani huyo?" Salua akauliza, macho kafumba.

"Mlevi tu, mke wangu," kikajibu kile kitu kwa sauti ya Mongi, ila ulimi haukuwa mzito. "Lala."

Kulipopambazuka akakimbilia kwa Lalla Mabruka, mganga wa mtaa. Bibi akamsikiliza huku ameziba pua.

"Mahali pako umepaacha bila jina la Mungu, majini wamepachukua. Leo usionje. Ingia na mdomo safi, useme bismillahi, kitaondoka."

"Basi hivyo tu, Lalla?"

"Kwako wewe si kidogo hicho, mwanangu. Na wahi. Kikitangulia kusema chenyewe, hapo pana mwenyewe mwingine. Majini nao wana dini, wengine kukushinda."

Mongi akaapa kwa kaburi la mama yake. Jioni mikono ikatetemeka, akaonja kifuniko kimoja, cha kutuliza mikono. Kisha kingine, cha kumsindikiza mwenzake.

Usiku akasimama mlangoni. Akafumbua kinywa, bukha ikamnukia mwenyewe, haya ikamshika. Kesho, akajiambia. Kesho nitasema.

Kile kitu kikaketi kitandani, kikamtazama kwa macho yake mwenyewe. Kikageuza mto.

"Bismillahi," kikasema.

Miguu ya Mongi ikarudi kinyumenyume mpaka jikoni, naye hakuiamuru.

Asubuhi duka la miwani lilifunguliwa mapema. Mwenye duka alikuwa amenyolewa vizuri, wateja wakamsifu. Salua hakwenda Bizerte. Ila kila usiku husikia kigoda kikiburutwa jikoni, na harufu ya tini iliyochacha hupita chini ya mlango. Huamka bila woga, akaweka ubani kwenye makaa, akafukiza pembe zote nne.

"Toka, mlevi we," husema. "Nyumba hii ina mwenyewe."

Kisha hurudi kulala, na mumewe humsogezea mto.