Dani Hakununa

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijapata nguvu, Lynnet na nyanya yake walianika omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, kwenye nyavu kuukuu ufuoni, kisiwani Mfangano. Nyanya huyo jina lake Phelesia, lakini Lynnet alimwita Dani, kama watoto wengi wa Kiluo wanavyowaita nyanya zao. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka macho. Omena hugeuzwa jua likipanda, na mawingu yakianza kukusanyika huzolewa upesi, maana wakinyeshewa huharibika na kuishia kuwa chakula cha kuku.

Dani hakuwa mtu wa kiboko. Ukimkosea, alinyamaza. Angekupakulia ugali na samaki, angekutandikia kitanda, lakini neno hulipati mpaka useme ukweli. Lynnet hakuwahi kuvumilia kimya hicho zaidi ya nusu siku.

Jumatatu moja Dani alikwenda sokoni akamwachia Lynnet omena. Wenzake wakamwita kwenye mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, na mchezo ukinoga, nani hutazama mawingu? Mvua ilimwagika, omena wa makarai mawili wakaharibika. Dani aliporudi, alimkuta mjukuu wake amejifunika blanketi hadi puani.

"Dani, nilishikwa na homa," Lynnet alisema kwa sauti ya kujilegeza. "Sikuweza hata kusimama."

Dani hakuuliza la pili. Aliwaacha omena walivyo, akampikia uji wa wimbi. Lynnet aliunywa bila kumtazama usoni.

Kesho yake Dani aliamka bila neno. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Cephas, baba yake Lynnet, alimkimbiza kwa mashua, kisha kwa gari hadi hospitalini Homa Bay, ambako Dani alilazwa wiki mbili. Alirudi akitembea kwa mkongojo, na neno moja tu mdomoni.

"Mama, umelala vizuri?" Cephas alimwuliza.

"Soko."

"Nikuletee maji?"

"Soko, soko," alijibu Dani, machozi yakimlengalenga.

Jirani yao Phanice alitikisa kichwa. "Akili zimeshaenda, masikini. Ama kuna kinyongo ameweka moyoni. Kinyongo kikikaa sana hufunga mdomo." Alisema hayo Dani akiwa ameketi papo hapo, hatua mbili kutoka kwake.

Maneno hayo yalimchoma Lynnet. Ikiwa akili zimekwenda, basi nyanya yake naye amekwenda. Ikiwa ni kinyongo, aliyekileta alimjua vizuri, ni yeye mwenyewe. Kwa mwezi mzima alimkwepa Dani, akawa anakula kidogo na kulala kidogo zaidi.

Siku ya kliniki ilipofika, baba yake alimchukua ili amsaidie kumshika Dani mkono. Tabibu wa matamshi aliitwa Bi. Mosoti, mama mnene mwenye mzaha. Alipanga mezani kijiko, kitana na kikombe.

"Mama, nionyeshe cha kuchania nywele."

"Soko," alisema Dani, akagusa kitana.

"Na cha kunywea chai?"

Dani aligusa kikombe.

"Na mjukuu wako je, yuko humu ndani?"

Dani alinyoosha mkono wa kushoto kwa Lynnet, akatabasamu kwa ule mdomo uliopinda. Hapo Lynnet akaangua kilio.

"Daktari, ni mimi nilimfanya hivi. Nilimdanganya, akanuna, sasa hasemi."

Alieleza yote, mchezo, mvua na homa ya uongo. Cephas alimkodolea macho. Bi. Mosoti alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Sikiza, msichana wangu. Nyanyako hakununa. Presha ilikuwa juu kwa muda mrefu na hakuna aliyeipima. Mshipa mmoja kichwani ukaziba, na sehemu ya ubongo inayopanga maneno ikakosa damu. Uongo wa mtoto hauzibi mshipa."

Lynnet alifuta kamasi. "Lakini kama ubongo wake umeumia, Dani mwenyewe yuko wapi?"

Bi. Mosoti alimpa kitambaa. "Hilo ni swali kubwa. Jinsi akili inavyotokana na ubongo, hata wasomi bado wanabishana. Mimi nakwambia nilichoona hapa mezani. Ubongo una sehemu nyingi, na moja ikiumia si lazima mtu mzima aondoke. Yeye anaelewa. Yote mliyosema mbele yake mwezi huu, ameyasikia."

Cephas aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Sasa yale uliyoniambia, mwambie mwenyewe," Bi. Mosoti alimalizia.

Lynnet alipiga magoti. "Dani, sikuwa na homa. Nilikuwa nacheza. Nisamehe."

Dani alimwinamia. Kisha akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kama anayepima joto, akatikisa kichwa na kuanza kucheka. Alikuwa amejua tangu siku ile ile kwamba homa haikuwepo. Lynnet naye alicheka huku analia, na moyo wake ukawa mwepesi kabisa.

"Ugonjwa haukuwa mzigo wako," alisema Bi. Mosoti. "Uongo ndio ulikuwa wako, na leo umeutua. Ungesema mapema, usingeteseka mwezi mzima bure. Nanyi wakubwa, pimeni presha kabla haijawapima nyinyi. Na msimseme mgonjwa kama hayupo. Maneno yake mengine yatarudi polepole, mkiwa na subira."

Walipotoka, Lynnet alisikia njaa ya kweli. Cephas aliwapeleka kwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara.

"Mama, utakula nini?"

"Soko," alisema Dani.

Siku nyingine Cephas angemchagulia. Leo alisimama akangoja, mpaka mama yake akanyoosha kidole, bila haraka, kwenye samaki mkubwa kuliko wote.