Dishi Lisilotulia

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika wateja, na muuzaji alikuwa akimcheka msusi waziwazi.

"Televisheni ya chogo, dada? Hiyo ipeleke makumbusho. King'amuzi kinataka televisheni bapa."

Msusi alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, na viganja vyake vilinukia mafuta ya nywele. Aligeuka aondoke, uso umemshuka. Ndipo fundi mmoja, ovaroli lake la buluu limepauka magotini, akadakia bila kuulizwa.

"Televisheni yako ina matundu ya rangi tatu? Nyekundu, nyeupe na njano?"

"Inayo. Huwa nayafuta vumbi."

"Basi inatosha. King'amuzi hicho nacho kinayo nyuma. Chukua waya wa rangi hizo na dishi dogo, utaangalia chaneli za bure mpaka uchoke."

"Na nani atanifungia?"

"Mdomo wangu umeniponza," fundi akacheka.

Jumamosi akalifunga dishi juu ya paa la ghorofa, pale wapangaji wanapoanika nguo. Msusi alibaki chini chumbani na shangazi yake, simu sikioni, macho kwenye kioo cha televisheni.

"Imeshika?"

"Chenga tupu."

"Na sasa, mrembo?"

"Umeniita nani?"

"Mimi nimeuliza picha."

Picha ilikuwa imeshatokea, na shangazi ameshaanza kupiga makofi. Msusi akamziba mdomo kwa kiganja. "Bado," akasema, "zungusha kidogo." Maskini fundi akazungusha, akaipoteza picha, akaanza kuitafuta upya, na msusi akapata kuisikia ile sauti kwa muda mrefu zaidi.

Wiki iliyofuata upepo ulilisogeza dishi kweli. Fundi akaja, akalirudisha, akakaa kupiga soga hadi shangazi akasinzia kwenye kiti. Alipoaga, alimwachia msusi spana. "Likilegea tena, kaza nati ya nyuma. Usipate shida ya kunisubiri."

Hakujua anamkabidhi nani. Kila hamu ilipomshika, msusi alipanda juu na beseni la nguo, akailegeza nati ileile, akalisukuma dishi kidogo, kisha akapiga simu.

"Fundi wangu, chenga zimerudi."

"Nakuja, malkia."

Na alikuja kila mara, akijikuna kichwa, akikaza kwa nguvu zote. Wakapendana kweli. Msusi angeweza kumwita tu, lakini aliona kumwita mwanamume bila sababu ni kujirahisisha. Ujinga wa mapenzi hauna dawa.

Asichokijua ni kwamba mwenye nyumba alikuwa amemwahidi fundi kazi ya kufunga madishi ya jengo zima. Kwa kazi hiyo fundi angefungua karakana yake mwenyewe, kisha aende kwa shangazi kumposa msusi. Fundi alilificha jambo hilo ili aje amfurahishe msusi kwa ghafla. Mwenye nyumba naye alikuwa na macho. Kila wiki alimwona fundi juu ya paa, akihangaika na dishi lilelile.

Kazi akapewa mtu mwingine.

Fundi alikuja Jumapili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, hana mkoba wa vifaa.

"Nimekuja kukuaga. Nimepata kibarua cha ghalani, mji mwingine. Ufundi nauacha."

"Unauacha? Kwa nini?"

"Dishi lako limenishinda. Nalikaza, halitulii. Mwenye nyumba ameniita mbabaishaji mbele za watu, na kazi ya madishi ya jengo zima akampa mwingine. Kazi ile ndiyo niliyoitegemea ili nikuoe."

"Ni mimi," msusi akasema, machozi yakimtiririka. "Nilikuwa nalilegeza mimi. Nilitaka uje."

Fundi hakufoka. Aliitazama mikono yake, akaigeuza.

"Kumbe haina kasoro."

"Haina, mpenzi wangu. Nisamehe."

"Nilikaa chumbani nikijiuliza nimerogwa au nimezeeka. Hata waya wa redio nilikuwa naogopa kuushika. Na wewe ulikuwa unajua."

Akatoka. Msusi alikimbia kwa mwenye nyumba, akaungama yote, hana hata viatu. Mwenye nyumba alitikisa kichwa, akamwonyesha juu: fundi mpya alikuwa ameshaanza kutoboa ukuta.

Alasiri msusi akapiga simu. Ikaita sana kabla ya kupokelewa.

"Picha imekatika?" fundi akauliza, sauti imechoka. Nyuma yake injini ya basi ilinguruma.

"Haijakatika. Njoo."

"Tumeshatoka mjini."

"Shuka. Nitakufuata hapo ulipo."

"Hapana, mama. Sasa hivi nikikutazama nitaona dishi tu."

"Utarudi?"

"Sijui." Akavuta pumzi. "Ungesema hivyo hivyo tangu mwanzo: 'Njoo,' basi. Ningekuja."

Akakata simu. Shangazi alizima televisheni, akaketi karibu na msusi.