Ngazi ya Mukunde

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Mukunde aliwapima watu wa nyumbani kwao Remera. Mwalimu Achille alikuwa ameifundisha klabu ya afya kwamba huzuni ina ngazi, kuanzia moja hadi kumi, na kila mtu husimama mahali fulani. Mukunde, mwenye miaka kumi na miwili na hamu kubwa ya udaktari, hakumwacha mtu. Mama alikuwa ngazi ya nne. Kaka yake Rwema, ambaye huhuzunika tu timu yake ikifungwa, alikuwa ya pili.

Juma moja alikuwapo pia bibi yake, Nyiraneza. Alikuwa amemzika dada yake huko Gahanga, na Mama akamleta apumzike hadi Jumamosi, siku ya kuondoa matanga.

"Bibi, una huzuni kiasi gani?" Mukunde aliuliza.

"Mimi sina huzuni, mwana wanjye, mwanangu," Bibi akajibu. "Moyo tu unawaka, na kichwa kimejaa joto."

Mukunde alisikia neno "sina", akaridhika. Ngazi ya kwanza! Habari za moyo na kichwa hakuziuliza, kwa kuwa Mwalimu hakuzitaja. Bibi alipomsogezea sahani yake ya maharage, Mukunde aliyala yote na kushukuru.

Ijumaa Mama alirudi amechoka kutoka dukani kwake Nyabugogo. Jumamosi ndiyo siku yenye wateja wengi, kwa hiyo alimwuliza Mukunde kama Bibi ataumia wasipokwenda Gahanga.

"Hana huzuni, Mama. Nimempima."

Basi hawakwenda. Bibi, aliyelelewa asimlemee mtu, alisema si neno. Matanga yakaondolewa bila yeye.

Siku chache baadaye Bibi alianguka uani, hana nguvu hata za kushika kikombe. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Claudette hakumwuliza kama ana huzuni. Alimwuliza anaumwa wapi, na Bibi alipoutaja moyo, akamwuliza ulianza kuwaka lini.

"Tangu tulipomzika dada."

"Umemlilia?"

"Kwa umri huu, mbele ya watoto? Machozi ya mtu mzima hushukia ndani."

Mukunde alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaeleza yote: ngazi, maharage, Jumamosi. Claudette hakumgombeza. Alisema huzuni ya Bibi imegeuka ugonjwa, nao unatibika. Awe anakuja kila juma wazungumze.

"Ngazi yenu ni nzuri," alimwambia Mukunde, "lakini maneno yake ni ya watoto wa darasa lenu. Bibi yako ana umri mwingine na malezi mengine. Sikiliza kwanza mtu anayaitaje maumivu yake, ndipo umpime."

Bibi alipona polepole. Akaanza kula, akaanza hata kumtania Rwema. Jumapili moja Mama aliwapeleka Gahanga Bibi na Mukunde. Viti vya matanga vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe, na ua ulikuwa mtupu. Kaburini Bibi alilia, mbele ya mjukuu wake, bila kujificha.

"Moyo ukoje leo, Bibi?" Mukunde aliuliza.

"Umepoa, mwana wanjye. Ila wenzangu walimuaga bila mimi."

Mukunde akamshika mkono. Mama akamwambia Mukunde kwa sauti ya chini:

"Wewe ulipima, mimi nikaamini, na hakuna kati yetu aliyeketi naye kumsikiliza. Bibi amepona, tumshukuru Mungu. Lakini Jumamosi ile hairudi."