Wekundu Usioandikwa

Mchoraji aliipa kompyuta rangi mbili tu, bluu na kijivu, lakini picha ilipojitokeza ilikuwa na doa jekundu kwenye kona.

Akapitia programu yake mstari kwa mstari. Ndiyo ilikuwa kazi yake: kuandika maagizo, kisha kuiachia mashine ichague yenyewe duara liangukie wapi na rangi ichanganyike na ipi, ili kila picha itoke mpya, isiyofanana na chochote duniani. Wekundu hakuuandika popote. Chumba kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda si mrefu.

Mtu mwingine angeruka kitini. Yeye, tangu amzike mumewe, hakuna kitu kilichomgusa. Aliona doa limependeza, akaihifadhi picha, akaendelea.

Doa likakua kila alipoendesha programu. Aliyeshtuka kwanza ni mama mkwe wake. Alikuja mlangoni na nyanya mkononi, imepauka kama ngozi ya mgonjwa.

"Mwanangu, hebu ona. Zote ziko hivi. Na pazia la sebuleni lilikuwa jekundu, au mimi ndiye nazeeka vibaya?"

"Jua hilo, mama. Linapausha."

"Jua limeingia kabatini?"

Mchoraji akarudi kwenye kompyuta yake.

Kesho yake mchana binti yake mdogo alitoa ulimi anyweshwe dawa ya kikohozi, na ulimi ulikuwa mweupe kama karatasi, midomo nayo vivyo hivyo, na kule kwenye chumba cha kazi, ambako kompyuta ilikuwa imezimwa na waya umechomolewa ukutani, kioo chake kilikuwa kinawaka wekundu mtupu, kikituna na kunywea, kikituna na kunywea, kama kifua cha mtu aliyelala, huku ile harufu ya udongo ikitambaa sakafuni mpaka jikoni.

Bibi akamvuta mjukuu kifuani. "Tumekwisha," alinong'ona. "Nakwenda kumwita mganga."

Mganga alikuwa mama mnene, mpole. Alivua viatu mlangoni, akasimama mbele ya kioo, akauliza taratibu, "Nani kakualika?"

Sauti ikatoka kwenye spika, kama ya mtu mwenye maji kooni. "Yeye. Alisema, chagua mwenyewe. Nimechagua."

"Mwache mtoto. Toka."

"Nitoke niende wapi? Nje kuna baridi."

Mganga akasoma, akafukiza, jasho likamtiririka. Mtoto akazidi kupauka. Mchoraji aliyatazama yote hayo kama anayetazama mvua dirishani. Alijua anapaswa kulia. Akautafuta woga ndani yake, akakuta mahali patupu, pakubwa, kama nyumba iliyohamwa. Basi akainama kwenye spika, akanong'ona wengine wasisikie:

"Njoo kwangu. Nafasi ipo."

Kioo kikazimika. Mtoto akakohoa, midomo ikarudi rangi yake, akaomba maji. Bibi alilia kwa furaha, akamshika mganga mikono yote miwili.

"Ametoka! Si ametoka?"

"Humo ametoka," alisema mganga. Alimtazama mchoraji mara moja tu, akaondoka viatu mkononi.

Jioni binti alikuja jikoni, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, akalaza sikio mgongoni.

"Mama, kuna mtu anahema humu."

"Ndiyo," alisema, akaendelea kumenya viazi. "Usimwamshe."