Uzito Ndani ya Gurudumu

Chini ya jiji la Tabora, gurudumu-hazina lilizunguka bila kutoa hata mlio wa inzi. Lilikuwa kubwa kama ukumbi wa harusi, tupu ndani, na mzunguko wake ndio uliotunza umeme wa jua wa jiji zima. Gurudumu la ukubwa huo, upande mmoja ukizidi mwingine hata kidogo, huvuta mhimili huku na huko mpaka beringi zinazoushikilia zisagike. Kwa hiyo lilifungwa kisawazishi, akili-mashine iliyosukuma gololi za chuma ndani ya mfereji wa ukingoni. Upande mmoja ukizidi, gololi zilikimbilia wa pili, na beringi hazikuhisi kitu.

"Liko kimya kuliko bibi harusi mbele ya mama mkwe," alitania Mkude, msimamizi wa zamu.

Injinia Hidaya hakucheka. Ukimya ule ulimfuata mpaka kitandani, kama mtu anayebana pumzi nyuma ya mlango.

"Mkude, gololi ziko wapi?"

"Zipo kazini."

"Nakuuliza upande gani."

Mkude akawasha kioo. Gololi zilikuwa zimerundikana upande mmoja.

"Lilifungwa likiwa sawa pande zote," Hidaya alisema. "Sasa zinasawazisha nini?"

"Dada, beringi hazilalamiki. Wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

Hidaya alipiga hesabu. Upande wa pili palikuwa na uzito wa mtu mzima, mwembamba.

Kaka yake, Hamduni, alikuwa msafishaji wa ndani ya gurudumu. Alitoweka siku lilipowashwa. Watu walisema amekimbilia migodini. Mama yao bado alimwekea chakula chini ya kawa kila jioni.

Hidaya alimwita roboti aliyefunga mlango wa gurudumu siku ile.

"Ulipiga hodi?"

"Mara tatu, kama ulivyonifundisha. Hakuna aliyejibu."

"Nisikilizishe rekodi."

Sauti ya roboti ikatoka: "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya kikapita. Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamume iliyopandishwa makusudi: "Allahu akbar!"

Baada yake, kishindo cha mlango.

Mkude aliketi sakafuni. "Alikuwa kwenye swala."

Aliye kwenye swala haitikii hodi. Hupandisha sauti tu, ili aliye nje ajue na asubiri. Watoto wa jiji lile walilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Hidaya alikuwa amemfundisha roboti "karibu", "nipo", "ngoja", hata kikohozi. Hilo moja, analolifanya mwenyewe kila siku, halikumjia akilini.

"Kwa nini hukusubiri?" aliuliza.

"Aliyesema hakuwa akizungumza nami," roboti alijibu.

Hidaya aliegemea ukuta. Kisha akasema, "Simamisha gurudumu."

"Jiji litazima, Dada. Wakubwa watatula nyama."

"Lizime. Halafu piga simu msikitini, walete jeneza."

Gurudumu lilipunguza mwendo taratibu. Mpaka mzunguko wa mwisho gololi ziliendelea kujipanga zikiulinda mhimili, na hakuna kilichotikisika. Hidaya alitamani walau beringi moja ingelia.

Taa zilizimika. Mlango ulipofunguka, Mkude alimpa kurunzi. Hidaya aliipokea, akavua viatu, akaingia peku.