Mama Mkwe Mkononi Mwangu

“Na hili nalo umelirudisha?”

Shati lilitua juu ya meza yangu ya ukaguzi, mikono yake imetawanyika kama mtu aliyeanguka kifudifudi. Niliinua macho. Alikuwa Rula. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu mishono yake ilinyooka kuliko ya mtu yeyote pale kiwandani. Mimi nilikuwa na jina jingine la kumwita, ila hilo lilikuwa la kwenye simu tu.

“Rudi kwenye cherehani yako,” nilimwambia. “Kola imepinda.”

“Imepinda wapi? Nionyeshe.”

“Fundi, nina mashati mia mbili hapa yananisubiri.”

“Leo mimi ni fundi? Jana jioni nilikuwa mpenzi.”

Meza nzima ikaangua kicheko. Bibi Mkasi, mkaguzi mwenzangu wa rika la mama yangu, alisimamisha mkasi wake hewani.

“Jamani! Kumbe siku hizi watu wanaachana kwa kasoro ya kola!”

Rula hakucheka. Aliinama hadi nikasikia pumzi yake.

“Hili ni la thelathini na tatu mwezi huu. Ukirudisha mawili zaidi, Ijumaa mkataba wangu hauongezwi. Na Jumamosi shangazi yangu anakuja kwenu kuzungumza na baba yako. Sasa niambie mwenyewe, niende kwa baba yako nikiwa nimefukuzwa kazi na binti yake?”

Brrr. Mkononi mwangu kitu kikatetema.

Kilikuwa mkanda mweusi, mwembamba, unaovaliwa kama saa. Mtaalamu, kijana wa kampuni moja ya vifaa, alituletea wiki sita zilizopita. Unasoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi, alituambia, kwa sababu mara nyingi macho hayajamaliza kutazama, moyo umeshahukumu. Moyo ukiruka, mkanda unatetema. Wakaguzi wengine waliukataa. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, na nilikuwa nimechoka kusikia minong’ono kwamba pale mashati ya marafiki hupita na ya wasiopendwa hurudi. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anaweza kujifunza kuwa wa haki.

Mafundi wakaubatiza Mama Mkwe, kwa sababu kila mtu alichofanya, wenyewe uliguna.

Kwa mashati ya wengine Mama Mkwe alituliza roho yake. Lakini kila fungu lilikuja na kadi ya fundi aliyeshona, na kadi ikisoma kumi na nne, namba ya Rula, aliguna papo hapo. Sikuhitaji kuambiwa sababu. Nilimpenda mtu yule hadi vidole vikafa ganzi. Nikajiambia: umeona? Unataka kumpendelea, na Mama Mkwe amekukamata. Basi nikarudisha. La kwanza, la pili, la kumi.

“Sheria ni moja kwa wote,” nilimjibu siku ile, nikalitupa shati kwenye kapu la marudio.

“Sawa, mkaguzi.”

Hiyo “sawa” iliniuma kuliko tusi.

Jioni, nikiwa nimeketi kitandani na viatu bado miguuni, kwenye simu ukaingia ujumbe.

“Nimemwambia shangazi asubiri. Jumamosi haji.”

Nilipiga. Akapokea mara ya tatu.

“Asubiri hadi lini?” nikauliza.

“Hadi nijue kama naoa mtu anayenitaka.”

“Nakutaka!”

“Mbona kapu lako linasema vingine? Watu wanaongea. Wanasema umeona haya kuolewa na mshona mashati. Wanasema siku hizi ni wewe na yule Mtaalamu.”

“Mtaalamu? Yule anayelisha kibodi biskuti?”

“Mimi sitanii.”

“Na mimi pia! Nayarudisha kwa sababu nakupenda!”

Upande wa pili redio ikazimwa.

“Hebu rudia.”

“Shati lako likifika, moyo unaruka, mkanda unatetema. Ndipo najua nataka kukupendelea. Basi nalirudisha, ili nisikupendelee.”

Alivuta pumzi ndefu.

“Kwa hiyo kama ungekuwa unanichukia, mashati yangu yangepita?”

Akakata simu.

Alhamisi asubuhi, kabla kengele ya zamu haijalia, nilikuwa mlangoni kwa Mtaalamu. Walimpa kijichumba kando ya stoo ya vifungo, meza moja, kiti kimoja, na makombo ya kutosha kulisha kuku.

“Nionyeshe kumbukumbu zangu zote,” nikamwambia. “Za namba kumi na nne.”

Alibofya, akalinganisha saa za mkanda na za karatasi yangu ya ukaguzi, akakunja uso.

“Dada, mashati ya mafundi wengine unayatazama kwa wastani wa sekunde arobaini.”

“Na ya kumi na nne?”

“Sita.”

“Sita?”

“Kwa sekunde sita hata vifungo huwezi kuvihesabu.”

“Lakini mkanda ulinitetemea! Kila mara!”

“Ulikutetemea, ukafanya nini?”

“Nikakataa.”

Akageuza kiti chake akanitazama kwa huruma, kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

“Mkanda hausemi kataa. Wala hausemi kubali. Haujui chochote kuhusu shati. Unasema tu: subiri, angalia tena tangu mwanzo. Wewe umebadilisha upendeleo kwa uonevu, ukadhani umepata haki.”

Nilikaa juu ya gunia la vifungo. Ukweli ulinijia wote kwa pamoja: sikuwa nimeogopa kumpendelea. Nilikuwa nimeogopa midomo ya watu. Na bili ya woga wangu nilikuwa nikimpelekea yeye.

“Naenda kwa Meneja,” nikasema, nikainuka.

“Sasa hivi? Atakula nyama yako mbichi!”

“Na anile.”

Meneja alikuwa mama mwembamba anayeongea polepole, jambo lililotisha kuliko kelele. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mkaguzi wangu ananiambia huenda amekosea mashati thelathini na matatu ya mwezi huu.”

“Sijui ni mangapi, mama. Ndiyo maana naomba yakaguliwe upya.”

“Ikionekana ulimwonea, meza nitampa mwingine. Hilo umelifikiria?”

“Nimelifikiria.”

“Umefikiria au umependa?”

Uso ukaniwaka moto.

“Vyote viwili. Ndiyo maana naomba kadi zitolewe kabla sijayaona.”

Kisha, nusura nianguke, akatabasamu.

“Kesho, mapumziko ya asubuhi. Mbele ya wote. Na mwenzako wa mkasi atakagua pia, kwa karatasi yake mwenyewe.”

Ijumaa hakuna fundi aliyetoka nje kunywa chai. Waliizunguka meza, wengine wakapanda juu ya viti. Katika mashati ya Rula niliyoyarudisha, kumi na mawili yalikuwa bado hayajafumuliwa ili yashonwe upya. Mtaalamu aliyachanganya na ya wengine ishirini na nane, akaondoa kadi, akabandika namba mpya, orodha akampa Meneja aiweke mfukoni. Rula alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, uso umefungwa kama duka siku ya msiba.

“Bibi harusi mtarajiwa, tazama vizuri!” mmoja akapaza sauti.

“Mwacheni, mtamtia kiwi!”

Nikashika shati la kwanza. Brrr. Mama Mkwe alikuwa amehamaki kuliko mimi. Safari hii sikukataa wala kukubali. Nilivuta pumzi tatu. Nikaanza na kola, nikashuka begani, nikafuata mshono wa ubavu kwa kidole, pindo, vifungo kimoja kimoja. Likapita. La pili likapita. La tatu, mshono wa kwapa ulikuwa umeruka, nikalitoa. Jasho lilinitiririka mgongoni. Kila mkanda ulipotetema nilianza upya kwenye kola, na watu walipoona naanza upya wakawa wanahesabu kwa pamoja: “Moja! Mbili! Tatu!” Chumba kizima kilivuta pumzi na mimi. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku ile.

Mwisho nilikuwa nimetoa matano. Bibi Mkasi naye matano, yaleyale.

Meneja akakunjua orodha.

“La tatu, fundi kumi na tisa.”

“Aaa!” Kumi na tisa akajificha nyuma ya wenzake.

“La tisa, fundi mbili. La kumi na saba, fundi ishirini na sita. La ishirini na mbili, fundi mbili tena.”

“Fundi mbili, kanunue miwani!”

“La thelathini na moja…” Meneja akatua. “Fundi kumi na nne.”

Vicheko vikakatika. Rula akapita katikati ya watu, akalichukua lile shati, akaligeuza kwenye mwanga.

“Hili ni halali yake kulitoa,” akasema. “Nililishona siku moja alipokataa kupokea simu zangu. Kifungo cha tatu kimekwenda kutafuta kazi kwenye tundu la nne.”

Kiwanda kikalipuka.

“Kwa hiyo katika kumi na mawili, kasoro ni moja,” Meneja akasema. “Kumi na moja alirudishiwa bure.”

Nikapanda juu ya kiti.

“Nilimwonea,” nikasema. “Wiki sita. Si kwa sababu simpendi. Niliogopa mtasema nampendelea. Mimi niliogopa, yeye akaumia. Namwomba radhi mbele yenu.”

“Hatusikii huku kwenye vifungo! Simpendi, au nampenda?”

“NAMPENDA!”

Wakapiga meza kwa mikasi na rula zao hadi vumbi la uzi likapanda. Meneja akangoja litulie.

“Mkataba wa kumi na nne unaongezwa. Kuanzia Jumatatu kadi zote zinatolewa kabla ya ukaguzi. Na wewe,” akanigeukia, “mwezi mzima utakata nyuzi tu, hadi nikuamini tena.”

“Asante, mama.”

“Usinishukuru. Nyuzi ni nyingi.”

Zamu ilipokwisha nilimkuta Rula getini. Tulisimama kama watu wasiojuana.

“Wiki sita,” akasema.

“Ndiyo.”

“Ungeniambia siku ya kwanza tungecheka wote, ikaisha.”

“Ndiyo.”

“Usinijibu ndiyo ndiyo kama mtu aliyekamatwa.”

“Nimekamatwa kweli. Sina cha kujitetea. Ukitaka muda, nitakupa.”

Alikuna kidevu, akatazama barabara, akanitazama mimi. Kisha akatoa simu, akaweka sauti ya nje.

“Shangazi, shikamoo. Kesho una nafasi?”

“Marahaba. Nafasi gani tena? Si ulisema nisubiri? Nguo yangu ya kutokea nimeshailoweka!”

“Ikamue uianike, shangazi.”

“Kwani huyo mkaguzi wako ameacha kukukagua?”

Rula alinitazama, na kwa mara ya kwanza wiki nzima macho yake yakacheka.

“Hajaacha. Ila sasa anatazama hadi mwisho.”

“Basi mwambie ajiandae. Kesho na mimi ninakuja kutazama!”

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nyuma yetu zamu nzima ilikuwa ikimiminika getini, mafundi kwa wakaguzi, wote wakituangalia waziwazi. Rula akaushika mkono wangu.

Sikuuondoa.