Msindikizaji wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Advera alifagia uwanja wao pale Isevya, akachota maji, kisha akampashia uji mama yake, Apolinaria. Mama alikuwa mjamzito na siku zilikuwa zimekaribia. Muuguzi wa kliniki alimshauri achague msindikizaji mmoja wa kukaa naye katika chumba cha kujifungulia, mtu wa kumtuliza.

Mama hakuchagua ovyo. Jirani wa kwanza alikiri kwamba akiona tu damu huanguka chini. Wa pili alitaka kusimulia uzazi wake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Bi Mwanamkuu, muuza chapati, ndiye aliyeuliza, "Uchungu ukikukaza, unapenda kusuguliwa mgongo au kuachwa?" Mama akacheka kwa furaha. Alikuwa amempata mtu wake.

Kasheshe ilianza shangazi Mektilda alipopiga simu kutoka Lusu, mama akiwa bafuni, Advera akaipokea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amenichagua mimi niingie naye, sivyo?"

Advera alijua vizuri kwamba siku mdogo wake Sixbert alipozaliwa, shangazi alipiga mayowe kumshinda mzazi mwenyewe. Lakini kwao mtoto hamwambii shangazi "hapana".

"Ndiyo, shangazi," akajibu. Kwa mama hakusema neno.

Jumamosi moja uchungu ukamshika mama. Bi Mwanamkuu alikuwa ameshabeba beseni na kanga, bajaji inangoja, mara shangazi, aliyekuja kungoja siku ya uzazi, akateremka kwenye bodaboda, kikapu mkononi.

"Wifi, nimefika! Twende!"

"Leo naingia naye mimi, dada," akasema Bi Mwanamkuu kwa upole.

"Wewe? Nani amekuchagua? Mimi nimeahidiwa!"

Sauti zikapanda. Mama alikuwa ameegemea mlango, ameuma midomo, jasho linamtoka. Hakuna aliyemtazama isipokuwa Advera, na aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto.

"Shangazi, kosa ni langu!" akapaza sauti. "Mama hakukuchagua wewe. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kukukatalia. Nisamehe. Mama anaumia!"

Shangazi akamtazama wifi yake, machozi yakamlengalenga. Kisha akajifunga kanga kiunoni. "Basi nendeni, mbona mmesimama? Sixbert na jiko niachieni mimi."

Kabla ya jioni mama alijifungua msichana mwenye afya. Bi Mwanamkuu alimsugua mgongo, akamwimbia polepole, wala hakumwachia mkono. Kesho yake nyumba ilijaa vigelegele na harufu ya kuku wa kienyeji.

Shangazi akamketisha Advera kando yake. "Mwanangu, heshima si kumwitikia mkubwa 'ndiyo' kwa kila jambo. Ungeniambia ukweli siku ile, ningenuna, halafu ningepoa. Uongo wako umetugombanisha mlangoni huku mama yako akiteseka. Ukitaka kumheshimu mkubwa, mwambie kweli kwa adabu."

"Nimeelewa, shangazi."

Shangazi akampakata mtoto, akatabasamu. "Haya, sema sasa. Si amefanana na mimi huyu?"

Advera akamkagua mtoto, kisha akamkagua shangazi.

"Samahani, shangazi. Hata kidogo."

Shangazi akacheka mpaka mtoto akaamka.